Aliyewaandikia Wakata Miti

Darla Zastrow alipiga simu Jumatatu saa tatu asubuhi, na hakusalimu.

"Wewe ndiye yule mama wa kwenye video? Wa bima za wakata miti?"

"Ndiye mimi, Marlys Tollefson. Nikusaidie nini, dada?"

"Usiniite dada. Mume wangu Lonnie yuko hospitali Wausau, nyonga imevunjika, mgongo umevunjika. Ameanguka kutoka kwenye msonobari. Na hapa nimeshika barua inayosema hatulipwi hata kidogo, eti tulikata bima ya watunza bustani, na mtunza bustani hapandi juu ya mti. Tuliikata kwenu! Tuliikata kwa sababu tulisoma ulichoandika wewe!"

Marlys aliweka kikombe chake cha kahawa mezani. Kwa miaka sita alikuwa amewaambia wakata miti wa jimbo zima la Wisconsin jambo moja kuliko mengine yote: wasikubali kuandikishwa kama watunza bustani. Ni bima ya bei nafuu, mawakala wengi wanapenda kuiuza, na kwenye ukurasa wa kumi na moja kuna mstari mdogo unaosema hailipii kazi yoyote iliyo juu ya futi kumi na mbili.

"Darla, mimi siwezi kuandika kitu kama hicho. Niliandika kinyume chake."

"Basi sikiliza nikusomee." Karatasi ilichakacha. "'Kwa biashara ndogo zinazokwea miti mara moja moja, bima ya watunza bustani kwa kawaida inatosha.' Nimeitoa kwenye tovuti yenu. Jina lililoandikwa ni la bosi wako, lakini juu yake kuna video, na kwenye video ni wewe umesimama unaongea. Sasa niambie ni nani mwongo."

Simu ikakatika.

Marlys alifungua tovuti ya ofisi. Hakuwa na desturi ya kuzisoma tena makala zake zikishatoka. Alikuwa akiandika, anamtumia Corbin wa mambo ya mtandao pale ofisini, Corbin anazipandisha, na yeye anaendelea na ya wiki inayofuata. Aliitafuta ile ya watunza bustani, ya miaka minne nyuma, ambayo watu walikuwa wakiisoma kuliko zote. Video ilikuwa yake. Aya ya kwanza yake, ya pili yake. Aya ya tatu, pale alipokuwa ameandika, "Ukipanda juu ya mti hata mara moja kwa mwaka, bima ya mtunza bustani ni karatasi ya kuwashia moto," palikuwa na ile sentensi ya Darla. Na chini, badala ya jina lake: Imeandikwa na Dwight Brockhaus.

Akafungua nyingine, kisha nyingine. Makala mia tatu na zaidi, zote Dwight Brockhaus.



Kabla ya kuja kwenye ofisi ya Brockhaus, Marlys alikuwa ameolewa na mkata miti kwa miaka tisa, na saba kati ya hiyo aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Alikuwa wa chini: alishika kamba, alikokota matawi, aliyalisha kwenye mashine ya kuyasaga huku vumbi la mbao likimwingia mpaka kwenye soksi. Ndoa ilipovunjika alibaki kwenye mji wa Antigo bila kazi, na Dwight akamweka mapokezi apokee simu. Baada ya mwaka akafanya mtihani, akapata leseni ya uwakala, na Dwight akamgawia wateja. Mawakala wengine aliwapa wateja wenye nyumba, wenye magari, wenye mashua za ziwani. Yeye akampa wale ambao hakuna aliyewataka.

"Chukua wakata miti," alimwambia. "Wanaanguka kila siku na wanalalamika kila siku. Wewe umewazoea."

Mawakala wote walicheka, hata Marlys alicheka kidogo. Lakini alizichukua zile hati za bima nyumbani akazisoma mstari kwa mstari, jambo ambalo mawakala wengi hawalifanyi. Alishangaa. Watu waliokuwa wakipanda futi sitini na msumeno unaonguruma kiunoni walikuwa wanauziwa karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa kupanda maua.

Ndipo akaanza. Kila Jumanne alichukua swali moja aliloulizwa na mkata miti wa kweli, akalijibu kwa maneno ambayo mkata miti angeyaelewa akiwa amekaa ndani ya lori anakula mkate wake. Tawi likiangukia paa la jirani, nani analipa? Msumeno ukiibiwa ukiwa kwenye lori la mkopo? Shemeji akija kusaidia siku moja tu, naye yumo? Alipoona hawapendi kusoma, akaanza kujirekodi kwa simu, amesimama kando ya mashine ya kusaga, kofia kichwani, pua nyekundu kwa baridi. Miezi minane ya kwanza hakuna aliyejali. Mwezi wa tisa akapigiwa simu na mtu wa Michigan, ng'ambo ya mpaka wa jimbo: "Wewe ndiye yule mwanamke anayetafsiri hati za bima?" Baada ya hapo hawakukoma.

Alikuja kugundua kwamba kujulikana na watu wachache wa aina moja kuna nguvu kuliko kujulikana na kila mtu. Wakata miti hawakuwauliza mawakala wengine tena. Mwaka wa tano, wateja saba kati ya kumi wa ofisi ile walikuwa watu wa misumeno na kamba. Dwight alijenga ofisi mpya, akaweka bango lenye mti wa msonobari, akamleta mkwewe Corbin kutoka Milwaukee aje kusimamia mambo ya mtandao.

Na Marlys, tuseme ukweli, sifa zilimlevya kidogo. Alipenda kuitwa jina lake dukani na watu asiowajua. Alipenda kuandika cha kesho kuliko kukagua cha jana.

Siku ileile ya simu ya Darla aliingia kwa Dwight bila kubisha. Corbin alikuwa humo, amekaa ukingoni mwa meza, wanakula soseji kwenye mkate.

"Nani amebadilisha sentensi yangu?"

"Ipi?" Dwight aliuliza, akijifuta haradali kidevuni.

"Ya watunza bustani. Na nani amefuta jina langu?"

Corbin alitabasamu kama mtu anayemweleza mtoto. "Marlys, tulia. Hilo la jina tulilifanya tangu kiangazi. Ofisi ni ya Brockhaus, watu wanataka kumwona Brockhaus. Na ile sentensi yako ilikuwa inafukuza wateja. Naona kila kitu kwenye kompyuta mimi. Mtu anasoma vizuri, akifika hapo, anafunga ukurasa. Tulipoilainisha, wanajaza fomu palepale. Bima ndani ya dakika kumi."

"Bima ipi?"

Corbin aliuma mkate wake.

"Bima ipi, Corbin?"

"Ya watunza bustani," Dwight alisema. "Ile kampuni inatujali, Marlys. Inatulipa vizuri kuliko wale wengine wako wa miti. Na ni halali. Iko kwenye maandishi."

"Lonnie Zastrow amevunjika mgongo."

"Nimesikia. Nimesikitika sana. Lakini hati alisaini mwenyewe. Angesoma."

"Alisoma!" Sauti yake ilifika mpaka mapokezi. "Hilo ndilo tatizo, Dwight, alisoma! Alisoma ya kwangu! Alikaa na mkewe wakaisoma pamoja, wakaamini kwa sababu ni mimi!"

"Usinipigie kelele ofisini kwangu."

"Ofisi imejengwa kwa maneno yangu."

"Maneno yako?" Dwight alisukuma sahani pembeni. Hakuwa mtu wa kukasirika upesi, na sasa alikuwa amekasirika. "Mimi nilikutoa wapi? Ulikuwa unanuka mafuta ya msumeno. Nilikupa kiti, nikakupa simu, nikakulipia mtihani. Na siku ya kwanza ulisaini karatasi kwamba chochote utakachokiandika hapa ni mali ya hapa. Nikitaka kukibandika jina la mbwa wangu, nitakibandika."

"Rudisha sentensi. Leo."

"Tutaiangalia baada ya mkutano," Corbin alisema.

Mkutano aliousema ulikuwa wa Alhamisi, Stevens Point, mkutano wa kila mwaka wa wakata miti wa jimbo. Dwight alikuwa mzungumzaji wa asubuhi. Marlys alikuwa amepangiwa meza ya mlangoni, agawe kofia zenye jina la ofisi.

Siku ya pili yake alikwenda Wausau. Darla alimzuia mlangoni mwa chumba cha hospitali, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umekuja kufanya nini? Kupiga video?"

"Nimekuja kuwaonyesha nilichoandika." Alitoa karatasi mbili, ya kwake na tarehe aliyoituma, na ile iliyobadilishwa.

Darla alizisoma akiwa amesimama. Alizisoma mara mbili. Kisha alisogea pembeni, Marlys akapita.

Lonnie alikuwa amelala chali, hawezi kugeuza kichwa, anaangalia dari. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya shuka kama ya mtu mwingine.

"Wafanyakazi wangu wanakuiga," alisema. "Ile sauti yako. 'Jamani, fungueni ukurasa wa kumi na moja.' Tunacheka sana."

"Lonnie, mimi sikuiandika ile."

"Nimesikia mnavyoongea hapo nje. Nisikudanganye. Ya zamani nilishawahi kuiona pia, miaka ile. Halafu nikaona hii mpya, na ada ilikuwa nusu. Nikajiambia, ah, kumbe mambo yamebadilika. Mtu anapotaka kuamini, anaamini."

"Si kosa lako."

"Sijasema ni kosa langu," Lonnie alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Nasema ulinizoesha kutosoma mwenyewe. Nilikuwa nakusoma wewe."

Marlys alirudi Antigo akiendesha gari kwa maili karibu arobaini bila kuwasha redio. Lile neno la Lonnie halikumtoka. Alitaka kumkasirikia Dwight peke yake, na hakuweza. Alijikasirikia kwa zile makala mia tatu ambazo hakuzirudia hata siku moja. Kisha akamkasirikia Dwight zaidi kwa kumfanya ajikasirikie. Jioni alichapa nakala za ile mistari miwili, moja juu ya nyingine, karatasi mia tatu, kwa mashine yake mwenyewe ya nyumbani, mpaka wino ukaisha.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wanaume mia mbili na wanawake wachache, mashati ya miraba, viatu vizito vilivyoacha matope kwenye zulia la hoteli. Kofia za Brockhaus Marlys aliziacha ndani ya boksi. Alisimama ukutani, nyuma, na furushi la karatasi kifuani.

Dwight alipanda jukwaani amevaa suti ya kijivu. Alianza vizuri, alisimulia kichekesho cha kulungu na ngazi, watu wakacheka. Kisha akasema, "Sasa, kama ninavyowaandikieni kila Jumanne..."

"Nani, wewe?" mtu alipaza sauti kutoka katikati. "Sisi tunajua ni Marlys!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Dwight naye alicheka, uso umeanza kumwiva. "Marlys ananisaidia, naam. Msaidizi mzuri sana. Ni sura tu ya kwenye video, lakini fikra ni za ofisi."

Sura tu.

Marlys hakukumbuka baadaye jinsi miguu yake ilivyoanza kutembea. Alijikuta katikati ya ukumbi, anampa karatasi kila aliyekaa pembeni mwa njia, "pitisha, pitisha," na watu wanapitisha.

"Marlys, kaa chini," Dwight alisema kwenye kipaza sauti.

"Someni," Marlys alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini mtu aliyefanya kazi miaka saba kando ya mashine ya kusaga matawi hakihitaji. "Mstari wa juu niliuandika mimi. Mstari wa chini wameuandika wao, wakaniwekea video yangu juu yake, na sikujua. Lonnie Zastrow wa Merrill aliamini wa chini. Wengi wenu mnamjua Lonnie. Yuko Wausau, mgongo umevunjika, na kampuni imemwandikia kwamba haimlipi."

Karatasi zilichakacha ukumbi mzima.

"Sikuja kuwahutubia," aliendelea, na sauti ilianza kukatika kwa hasira. "Nimekuja kusema hivi: kama mlikata bima kwenye ile fomu ya dakika kumi, yeyote kati yenu, mtu wako asipande mti leo. Wala kesho. Mpigie simu sasa hivi mteremshe. Ukurasa wa kumi na moja. Na mimi nilipaswa kuliona hili tangu kiangazi, sikuliona, kwa sababu nilikuwa bize na kujiona mtu. Hilo ni langu. Haya mengine ni yao."

Mahali fulani upande wa kushoto mtu alitoa simu. Kisha mwingine. Katika dakika moja nusu ya ukumbi ilikuwa inapiga simu, sauti nzito zikipishana: "We Denny, shuka. Nimesema shuka! Usiniulize kwa nini, shuka kwanza!"

Corbin alikuja mbio kwenye njia kumnyang'anya karatasi. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mkono mmoja hauna vidole viwili, alinyoosha mguu tu njiani, hakusimama hata kusimama. "Kijana," alisema, "kakae kule."

"Umefukuzwa kazi!" Dwight alipiga kelele. Kipaza sauti kilimwongezea. "Unasikia? Umefukuzwa! Na nitakushtaki!"

"Nishtaki," Marlys alisema. "Lakini kwanza waambie ukurasa wa kumi na moja unasemaje. Wewe ndiye mwandishi. Sema."

Dwight alitazama karatasi zake, akazigeuza, akazigeuza tena. Hakujua. Hakuwahi kuisoma hati yenyewe. Mia mbili waliona kwamba hajui, na hakuna aliyecheka safari hii.

Watu walipohesabiana baadaye, waliokuwa na ile bima ya dakika kumi kwenye ukumbi ule walifika thelathini na mmoja.

Dwight hakumshtaki. Wakili wake alimkataza, nadhani, maana wakati huo wakili wa Lonnie alikuwa ameshazipata barua pepe zote Marlys alizotuma ofisini kwa miaka sita, kila moja na tarehe yake na maneno yake ya asili. Na hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo watu wa bima wenyewe hulijua ila hawapendi kulizungumza: kila wakala naye ana bima yake, ya makosa ya ofisi yake. Kampuni iliyombebea Dwight mzigo huo ilisoma zile barua, ikapima, na baada ya miezi minane ikamlipa Lonnie badala ya kwenda mahakamani. Akaweza kukaa, kisha kutembea na fimbo. Mtini hatapanda tena. Anaendesha lori sasa, na wengine ndio wanapanda.

Ukitaka kusikia kwamba Dwight alifilisika, sivyo. Bado ana ofisi, bado ana suti ya kijivu. Alipigwa faini, leseni ikasimamishwa kwa muda, akarudi. Wakata miti walimkimbia, basi Corbin akatafuta watu wengine wa kuwaandikia. Siku hizi ni wenye saluni za mbwa. Nasikia hao nao wanawasoma akina Dwight. Marlys kila akisikia habari hiyo hupiga meza kwa kiganja, hata akiwa kwa watu.

Yeye kilimpata chake. Ile karatasi aliyosaini siku ya kwanza ilimkataza pia kuwauzia bima wakata miti kwa miaka miwili, na makala zote mia tatu zilibaki mali ya Brockhaus, ambaye alizifuta. Miaka sita ya Jumanne, zote zikafutwa. Alipata kazi ya kuandika stakabadhi kwenye kiwanda cha mbao, na siku za kwanza alikuwa akikaa ndani ya gari kabla ya kuingia, ameshika usukani, anatukana kimyakimya.

Lakini karatasi ile ilimkataza kuuza, haikumkataza kusema. Wiki ya tatu akaanza upya na swali la kwanza kabisa, akiwa na jina lake juu na chini, akaipandisha makala mtandaoni mwenyewe kwa mikono yake. Hakuwa na cha kuuza. Mtu akimuuliza akate bima wapi, alimwambia asome mwenyewe kwanza, kisha ampigie amuulize asichokielewa, na wengine walichukia kuambiwa hivyo. Kila mwisho wa mwezi alikaa akazisoma zote tangu mwanzo, neno kwa neno, akiona aibu hapa na pale, akirekebisha na kuandika tarehe aliyorekebisha.

Mwaka uliofuata, kampuni moja ndogo ya bima ya jimbo jirani la Minnesota ilimwandikia. Walitaka kutengeneza bima ya wakata miti, si ya watunza bustani iliyotiwa viraka, na walimtaka akae nao waiandike. Aliendesha gari kwenda huko katika theluji. Mezani palikuwa na wanasheria watatu, wapole, wenye kalamu nzuri, na rasimu ya kurasa arobaini. Kwenye ukurasa wa sita wakamwonyesha kifungu kinachosema kazi ya juu italipiwa "katika mazingira ya kawaida."

"Kawaida ni nini?" Marlys aliuliza.

"Ni neno tu la kisheria, mama. Linatupa nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Marlys alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akavuta rasimu karibu. Walibishana juu ya neno lile kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, chakula kikapoa pembeni, na mmoja wao alitoka mara mbili kwenda kupiga simu kwa wakubwa wake. Marlys hakupandisha sauti hata mara moja; hasira alikuwa nayo, ila sasa aliiweka kwenye kalamu. Waliporudi kwenye ukurasa wa sita mara ya mwisho, neno lile lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnene, na pembeni yake palikuwa na herufi za kwanza za majina ya watu wanne, lake likiwa la juu.